Tulikuwa Ndani ya Gari



Dominika moja mwanzoni mwa majira ya mvua, sisi sita wa chama tulipanda teksi-basi kuelekea parokiani kwa misa ya pili. Tulikaa wanne kwenye benchi la watu watatu, kama ilivyo kawaida katika mji wetu wa Lubumbashi, magoti yakiwa yamebanwa na benchi la mbele, na mmoja wetu alikuwa juu ya kile kiti kidogo cha kukunja kinachoziba njia. Tulipofika kituo cha karibu na soko, tulimwona dada yetu wa shirika. Alikuwa kando ya barabara juu ya kiti chake cha magurudumu, amevaa kitenge cha chama chetu, magoti ameyafunika kwa nailoni ili asilowane. Aliinua mkono. Dereva akapunguza mwendo. Kijana wa mlangoni, yule anayeita abiria na kupokea nauli, akachungulia nje, akakiona kiti, akapiga bati la gari mara mbili kwa kiganja. Tukaendelea na safari.

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefungua kinywa. Tulikuwa tumechelewa, na kwaya ilikuwa ikitungoja. Mmoja wetu alisema kwa sauti ya chini, "Atapata lingine," nasi tukatikisa vichwa kukubali, kana kwamba neno hilo lilikuwa ahadi ambayo mtu fulani angeitimiza kwa niaba yetu.

Hakufika misani siku ile. Dominika iliyofuata hakuonekana, wala ya tatu. Katika mkutano wa shirika liliulizwa swali la kawaida, "Je, ni mgonjwa?" Tukachanga, kama tufanyavyo kwa wagonjwa wetu: sukari, sabuni, mchele kidogo. Jioni ya Jumatano tukaenda kwake tukiwa wanane, tumebeba vitu vyetu katika mfuko mmoja.

Tulimkuta nje ya mlango, ameinamia cherehani chake cha mkono, anashona kanzu za watoto wa altare. Alitukaribisha, akawatuma watoto walete viti kwa jirani, akangoja mpaka sote tukae. Kisha akasema kwa utulivu: "Wandugu, mimi si mgonjwa. Dominika ile nilihesabu magari yaliyonipita. Yalikuwa tisa. Ninyi mlikuwa katika la tatu."

Mfuko wa sukari ulikuwa juu ya magoti ya mama rais wa chama, naye hakujua aushushe au aendelee kuushika. Dada yetu aliona aibu yetu, akatabasamu kidogo. "Sukari nitaipokea," akasema, "maana hakuna nyumba inayokataa sukari. Lakini msije tena kunipa pole ya ugonjwa nisio nao. Ugonjwa uko barabarani."

Tunaandika haya kwa sababu tuliporudi nyumbani tulitambua kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tumemwombea dada huyu nguvu na uvumilivu, bila kumwuliza hata mara moja namna anavyopanda gari. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliuona mwepesi kwa kuwa hatujaupima.

Siku ile alitupimia. Alitueleza kwamba gari linaposimama, jambo la kwanza ni bei: analipa nafasi yake, kisha anadaiwa kulipia kiti, kana kwamba kiti ni mfuko wa mahindi. Mara nyingine anaambiwa alipie nafasi tatu. Jambo la pili ni mlango. Magari mengi ya mji wetu yalitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo magari hupita upande wa kushoto, usukani uko kulia na mlango wa abiria uko kushoto. Sisi tunapita upande wa kulia. Basi pale ambapo mlango haujabadilishwa, abiria hapandi kutoka ukingoni mwa barabara, bali hulazimika kuzunguka gari na kupandia katikati, mahali ambapo pikipiki zinapita kwa kasi. Mtu mwenye miguu miwili huruka na kuingia. Mtu wa kiti cha magurudumu husimama hapo kati ya magari akingoja watu waamue.

Jambo la tatu ndilo lililotunyamazisha. "Wakikubali," alisema, "wananibeba. Hawaniulizi nishikwe wapi. Kijana mmoja anashika kwapa, mwingine miguu, wananirusha ndani kama gunia la makala. Mimi ni mama wa watoto wanne. Kuna siku kitenge kilibaki nje mlango ulipofungwa." Hakulia alipokuwa akisema hayo. Alikuwa akiendelea kupitisha uzi katika tundu la sindano.

Njia nyingine ni pikipiki. Motari humkubali kwa urahisi zaidi kuliko teksi-basi, lakini kiti hufungwa nyuma kwa mpira, naye hukaa katikati bila nguvu ya kutosha miguuni ya kujishikilia kwenye kona. Bei yake ni mara kadhaa ya nauli ya gari. Kwa hiyo mteja wa mbali humwacha, kitambaa hununua kwa bei ya mchuuzi wa mtaani badala ya bei ya sokoni, na zahanati huenda pale tu hali inapokuwa mbaya. Mtu akimwona nyumbani wiki nzima husema, "Maskini, ulemavu wake umemfunga." Tukihesabu vizuri tutaona kwamba miguu yake ilimnyima kutembea, lakini soko, wateja na misa amenyimwa na gari.

Naye si peke yake. Wako waliopooza utotoni kwa polio, ugonjwa ambao katika umbo lake la asili Afrika ilitangazwa kuwa imeushinda tarehe 25 Agosti 2020, lakini waliougua zamani bado wanaishi nao. Wako waliovunjika uti wa mgongo katika ajali za barabarani, na ndugu zetu wa mashariki waliopoteza miguu vitani. Wako wazee wetu pia. Tunapenda kusema "hujafa hujaumbika", na mara nyingi tunasema hivyo kwa huruma tu. Kumbe methali hiyo ni onyo: kiti hicho kinaweza kuwa changu kesho, na gari litakalonipita ni lile ninalolipanda leo bila kusema neno.

Katika chama chetu yumo mwanasheria. Tulimwomba atueleze sheria inasema nini, naye akaja na karatasi zake. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua za pekee za ulinzi kulingana na mahitaji yake. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria ya kikaboni namba 22/003, inayohusu kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Wengi wetu hatukuwahi kuisikia ikitajwa, wala sokoni wala kanisani.

Katika ule Mkataba, kifungu cha 9 kinataja usafiri waziwazi, pamoja na barabara na majengo. Kinaidai serikali ihakikishe kwamba hata watu binafsi wanaotoa huduma kwa umma wanajali namna wenye ulemavu watakavyoifikia huduma hiyo. Hapo mwanasheria wetu alitulia kidogo. "Maana yake," alisema, "mwenye gari moja tu hawezi kusema kwamba jambo hili ni la serikali peke yake." Lakini Mkataba huohuo unazungumza pia juu ya marekebisho ya kufaa, yaani yale yanayohitajika kweli na yasiyomtwika mtu mzigo uliopita kiasi. Kwa hiyo kuna maswali mawili, na yote mawili ni ya haki: abiria anadai nini, na mwenye gari moja anaweza kubeba nini?

Swali la pili tulilipeleka kwa baba mmoja wa parokia yetu ambaye ni dereva katika njia hiyohiyo. Tulikwenda tukiwa na hasira ya watu waliotubu juzi, ile hasira inayotafuta mkosaji mwingine. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuuliza, "Mnadhani gari ni langu?"

Gari si lake. Kila jioni anapaswa kumkabidhi mwenye gari kiasi cha fedha walichopatana, iwe mvua, iwe jua. Mafuta ni juu yake. Gurudumu likipasuka ni juu yake. Malipo ya kituoni na yale ya njiani, yenye karatasi na yasiyo na karatasi, ni juu yake. Kinachobaki anagawana na kijana wa mlangoni. "Ninyi mnaona dakika tano za kumpandisha dada," alisema. "Mimi nikisimama dakika tano, gari la nyuma linanipita na kuchukua abiria wote wa kituo kinachofuata. Na hao abiria waliomo ndani, ndugu zenu Wakristo, wanapiga kelele: dereva, twende! Siku ile mlikuwa ndani. Mlipiga kelele kwamba nisimame?"

Kumbe ndiye aliyekuwa akiendesha siku ile. Hatukuwa na jibu.

Kisha akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Alituambia tulete kiti na kipimo, Jumamosi mchana, wakati gari likioshwa. Tukakusanyika uani kwake: dada yetu, fundi seremala wa shirika, vijana wawili wa kwaya na dereva mwenyewe. Tulipima kutoka ardhini hadi sakafu ya gari: sentimita 60. Fundi alikuwa ametengeneza ubao wa kupandia wenye urefu wa mita 2, naye alijivunia kazi yake. Tulipouegemeza, ulipanda sentimita 30 kwa kila mita, kama paa la nyumba. Kijana wa kwaya aliyejitolea kukalia kiti alisukumwa na watu wawili, akafika nusu, akarudi nyuma pamoja na waliomsukuma. Mara ya pili alifika juu, lakini alilazimika kuinama hadi kidevu kikagusa kifua, maana mlango ni mfupi kuliko mtu aliyeketi juu ya kiti. Tulicheka sana, na dada yetu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mwanasheria alitukumbusha kwamba wajenzi wa nchi nyingi, katika majengo, hufuata kipimo cha kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Kwa sakafu ya sentimita 60 tungehitaji ubao wa zaidi ya mita 7, mrefu kuliko gari lenyewe. Na kama tungeweza kukiingiza kiti mtu akiwa amekikalia, kingekaa wapi? Uingereza, katika kanuni zake za mwaka 2000, ilidai nafasi ya urefu wa milimita 1,300 na upana wa milimita 750. Tulichora nafasi hiyo kwa chaki ndani ya gari. Ilimeza nafasi za watu watatu au wanne. Dereva alitazama mistari ya chaki kimya, nasi tukajua anachohesabu.

Ilitufaa kusikia kwamba hata Uingereza hawakuanza na gari dogo. Kanuni hizo ziliwekewa mabasi yanayobeba abiria zaidi ya 22 katika njia za ratiba, na wenye mabasi walipewa muda: mabasi ya kawaida hadi mwanzoni mwa 2017, yale ya safari ndefu hadi 2020. Hivyo haki haikudaiwa kwa usiku mmoja, lakini ilipewa tarehe. Sisi mara nyingi tunalo tamko zuri lisilo na tarehe, na tamko la namna hiyo halijawahi kumpandisha mtu garini.

Jambo jingine kutoka nchi hiyo lilitugusa zaidi. Mwaka 2012 abiria mmoja mwenye kiti cha magurudumu alishindwa kupanda basi kwa sababu nafasi iliyotengwa ilikuwa imechukuliwa na mama mwenye kigari cha mtoto, naye alikataa kuhama. Kesi ilifika hadi Mahakama Kuu kabisa, ambayo mnamo Januari 2017 iliamua kwamba haitoshi dereva kumwomba abiria asogee na kuishia hapo. Anapaswa kufanya zaidi ya kuomba. Basi hata pale penye ubao, nafasi na kanuni, bado kuna abiria aliyeketi, anayeamua moyoni mwake kama atasogea au hatasogea. Tulimfahamu abiria huyo. Alikuwa katika teksi-basi ya Lubumbashi Dominika ile, na alikuwa watu sita.

Jioni ile uani, baada ya ubao kutushinda, ni dada yetu aliyetuonyesha njia. "Ninyi mlianza na kiti," alisema. "Mngeanza na mimi." Akaeleza kwamba yeye anaweza kujihamisha kutoka kitini mwake hadi kwenye kiti cha gari, ikiwa kiti hicho kiko karibu na mlango na kama mtu mmoja tu atamshikia mkono pale anapoelekeza. Kiti chake kinakunjika. Kikikunjwa unene wake hauzidi mkoba mkubwa, na hukaa vizuri nyuma ya benchi la mwisho. Tulijaribu. Alihama peke yake, kijana wa mlangoni akashika kiwiko pale alipoambiwa, kiti kikakunjwa na kuwekwa nyuma. Tulitazama saa: dakika 1 na nusu. Tulirudia mara tatu ili kijana ajifunze, na mara ya tatu ilikuwa chini ya dakika 1.

Tangu hapo dereva huyo na wenzake wawili wa njia yetu walikubaliana na chama chetu juu ya mambo machache. Gari litasimama. Kiti cha magurudumu hakitalipiwa. Nafasi ya karibu na mlango itaachwa na aliyeikalia, na ikiwa ni mmoja wetu aliyeikalia, ataiacha kabla ya kuombwa. Gari litasimama kando kabisa, na pale ambapo mlango unafungukia katikati ya barabara, kijana atashuka kwanza kuzuia pikipiki. Hakuna atakayembeba mtu bila kumwuliza namna anavyotaka kushikwa. Haya yote hayahitaji chuma wala fedha kutoka ng'ambo.

Katika mazungumzo hayo mmoja wetu alitoa wazo ambalo sote tulilipenda: chama kichange kila mwezi ili kulipia nafasi ya kiti cha dada. Yeye alikataa. "Mkilipia kiti changu," alisema, "kesho kila dereva wa mji huu atajua kwamba kiti hulipiwa. Na mwenzangu asiye na chama atalipiwa na nani?" Tulizoea kudhani kwamba sadaka haiwezi kudhuru. Siku ile tulijifunza kwamba sadaka iliyowekwa mahali pa haki inaweza kumfungia mwingine mlango.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba dakika 1 imemaliza kazi. Wako wasioweza kujihamisha, ambao lazima wasafiri wakiwa juu ya viti vyao. Kwao ahadi ya madereva watatu haisaidii chochote. Wao wanahitaji gari lenye mlango mrefu, sakafu ya chini na ubao uliopimwa, na gari hilo halitanunuliwa na dereva anayehesabu malipo ya jioni. Hapa ndipo tunapoona kwamba sharti kwa wasafirishaji wadogo linapaswa kugawanywa kwa haki. Kumkataa mtu, kumtoza kiti na kumshika kama mzigo, hayo yakatazwe leo, kwa kila gari, liwe la nani. Gari lenye mlango wa kufaa lidaiwe angalau moja kwa kila njia, kwa tarehe inayojulikana, na gharama yake wasaidiane wenye magari wa njia hiyo na serikali ya mji. Komini ingeweza kupunguza malipo ya kituoni kwa gari lililorekebishwa. Tuliandika barua yenye mawazo hayo na kuipeleka ofisini. Jibu bado halijaja. Tutaandika ya pili.

Wako wanaosema kwamba punguzo kama hilo ni hasara kwa nchi. Tunawaomba wautazame mto Kongo. Kati ya Kinshasa na Brazzaville, kwa miaka mingi, wenye ulemavu walipewa unafuu wa nauli na ushuru kwenye kivuko. Hawakuutumia kukaa na kuomba. Walipanda na baiskeli zao za magurudumu matatu, wakazipakia bidhaa, wakawa wafanyabiashara na wachukuzi wa ng'ambo mbili. Goma pia, baiskeli hizo zimezoeleka mpakani kuelekea Gisenyi, zikiwa zimejaa mizigo. Watu tunaowaita wa kubebwa wamebeba biashara ya wengine. Walichohitaji ni kivuko kisichowakataa.

Tulipotafakari mambo haya katika shirika, tulisoma katika Injili ya Yohane habari ya mgonjwa aliyelala kando ya bwawa la Bethzatha kwa miaka 38. Tulizoea kusikia katika habari hiyo muujiza tu. Safari hii tulisikia malalamiko yake. Alipoulizwa kama anataka kupona, hakujibu moja kwa moja. Alieleza kwamba hana mtu wa kumsaidia, na kwamba kila anapojaribu kufika, mwingine anashuka mbele yake. Mama mmoja wa shirika, asiyejua kusoma, alisema, "Huyo alikuwa kituoni." Hakuna aliyeongeza neno. Wale waliomtangulia majini hawakuwa watu wabaya. Nao walikuwa wagonjwa, nao walikuwa na haraka, kama sisi. Lakini katika miaka 38 hakupatikana mmoja wa kusema, "Ngojeni, huyu kwanza."

Tumekiri kosa letu mbele ya dada yetu, naye ametusamehe kwa namna yake: ametupa kazi. Kila Dominika mmoja wetu hupandia kituo cha soko badala ya kituo cha karibu na nyumbani kwake. Hatumbebi, wala hatumlipii. Tunasimama naye tu, na gari linapokuja tunainua mkono pamoja.

Dominika iliyopita magari mawili yalitupita. La tatu lilisimama; halikuwa la wale madereva wetu watatu, nasi hatukumjua dereva wake. Kijana wa mlangoni alianza kusema habari ya bei ya kiti. Kabla hatujamjibu, mzee mmoja aliyekuwa ndani, ambaye hatumfahamu, aliinuka kutoka nafasi ya karibu na mlango na kumwambia, "Mwanangu, acha hayo. Shuka umwulize mama anapandaje." Tulifika misani wakati wa somo la kwanza. Tulikuwa tumechelewa, na dada yetu alikuwa pamoja nasi.

Ndugu wapenzi, wengi wenu mnasoma ukurasa huu baada ya misa, na muda si mrefu mtapanda gari la kurudi nyumbani. Tunawaomba mtazame nje ya dirisha kwenye kila kituo. Mkimwona mtu wa kiti cha magurudumu ameinua mkono, msingoje dereva aamue peke yake. Mwambieni asimame, kisha mtu wa karibu na mlango ainuke.